Tungule za Nasaba na Wenye Kuzitunza

Katika tungule moja kubwa iliyoivia shinani aghalabu mna mbegu mia na zaidi, na kila mbegu miongoni mwa hizo, ikipata udongo wa kuiridhisha na maji ya kiasi, yaweza kuwa mche wa kuzaa matunda makumi. Walakini zilizo nyingi hupita jikoni mwetu bila ya kutazamwa, zikaishia mchuzini au jaani, na ifikapo siku ya kusia tena mwenye bustani hushika njia ya dukani kununua pakiti, kana kwamba hapakupata kuwa na mbegu nyumbani kwake. Makala haya yana rai moja, nayo ni hii: mtu achaguaye mbegu ya tunda lipi iwekwe na ya lipi itupwe ndiye aamuaye tungule ya mwakani itakuwa na ladha gani, ngozi gani na tabia gani, na uamuzi huo, ambao kwa karne nyingi ulikuwa katika mikono ya watu wa nyumbani, umehama polepole ukaangukia watu ambao kwao mizani, tenga na lori vina sauti kubwa kuliko ulimi. Kuurejesha nyumbani si kazi ya matajiri wala ya wanazuoni. Kwataka bilauri moja, sahani, kipande cha kitambaa, na subira.

Kwa upande wa mbegu, tungule, au nyanya kama waitavyo wenzetu wa bara, ni za namna mbili. Kuna zile ambazo mtoto humfuata mzazi kizazi baada ya kizazi, kwa umbo, kwa rangi na kwa ladha, hata mtu apandaye leo mbegu aliyowekewa na bibi yake hula tunda lile lile alilolila bibi. Hizo ndizo niziitazo tungule za nasaba. Na kuna chotara za kizazi cha kwanza, zipatikanazo kwa kuoanisha koo mbili mbalimbali, kazi ifanywayo kwa mkono, ua baada ya ua, na kurudiwa kila mwaka na wenye makampuni ya mbegu. Chotara zina fadhila zake: huota kwa pamoja, huzaa kwa wingi, na baadhi yake hustahimili maradhi yaangamizayo nyingine. Lakini ukiiweka mbegu yake ukaisia, wana hutawanyika, huyu amefuata ukoo wa baba, yule wa mama, na wa tatu hafanani na yeyote, na tunda ulilolipenda halionekani tena. Simlaumu mkulima wa Ilula au wa Kirinyaga ambaye mzigo wake husafiri usiku kucha kwenda Dar es Salaam au Nairobi, akachagua chotara yenye ngozi ngumu ili matenga yake yafike sokoni yakiwa na kitu ndani. Yeye analisha watoto kwa biashara hiyo, na hesabu yake ni ya haki. Ninayemwambia ni mwenye kiwanja nyuma ya nyumba, ambaye tungule yake haisafiri zaidi ya hatua thelathini kutoka shinani hadi chunguni, naye hana sababu ya kula ngozi iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara.

Ukitaka kujua uwezo wa kuchagua mbegu ni mkubwa kiasi gani, tazama tungule ilikotoka. Jamaa zake wa mwituni wangali wakiota Peru na Ecuador, nao huzaa vitunda vya ukubwa wa sentimita moja na kitu, vingi na vyenye mbegu tele. Kutoka katika vitunda hivyo watu wa kale wa Amerika, na hasa wenyeji wa Mexico, walifikia matunda makubwa yenye nyama, kabla Wahispania hawajatia nanga kwao mwanzoni mwa karne ya 16. Na mwaka 1544 tabibu wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, alikuwa tayari akiliandika tunda hilo katika kitabu chake. Hao waliolikuza hawakuwa na hadubini wala hawakujua habari ya jeni. Walikula, wakapenda, wakaweka mbegu ya walichokipenda.

Kuna hila moja katika kuchagua, ambayo wengi hawaijui, na aliyeifundisha dunia waziwazi ni Alexander Livingston wa Reynoldsburg, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Tungule za zama zake zilikuwa na mikunjo na mashimo, nyingine chachu na nyingine tupu ndani. Livingston akawa kila mwaka anatafuta shambani tunda lililo laini na zuri kupita yote, anaweka mbegu yake, na mwaka wa pili watoto wanarudia mikunjo ile ile ya mababu zao. Akaendelea hivyo kwa miaka mingi, na bidii yake yote ikawa hewa, mpaka alipoacha kulitazama tunda akalitazama shina. Aliona shina moja ambalo matunda yake yote yalikuwa laini na ya kufanana, ijapokuwa madogo, akaziweka mbegu za shina lile peke yake, akazipanda mahali pa peke yake, akachagua tena miongoni mwa watoto, na mwaka 1870 akaitoa tungule aliyoiita Paragon, ambayo kwayo jina lake limebaki katika vitabu. Maana yake ni kwamba tunda moja zuri juu ya shina baya ni bahati, bali shina ambalo matunda yake yote ni mazuri lina tabia, na tabia ndiyo irithiwayo. Mimi nayahesabu maarifa hayo kuwa ni ya thamani kuliko mbolea yoyote iuzwayo katika mfuko.

Yuko na mwingine, fundi wa rejeta za magari wa West Virginia, aliyejulikana kwa jina la Radiator Charlie, ambaye katika zama za dhiki ya miaka ya 1930 alikuwa na deni la nyumba na hana shamba la kujivunia. Alipanda shina moja la tungule katikati na mashina mengine kumi kulizunguka, akawa anatoa chavua ya yale ya pembeni na kuitia kwa mkono katika maua ya lile la katikati, kisha akachagua watoto walio bora, akarudia hivyo kwa miaka sita hata tunda likatulia katika tabia aliyoitaka: kubwa, jekundu la kukaribia waridi, lenye nyama nyingi na mbegu chache. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kununua miche yake kwa dola moja kila mche, naye kwa fedha hizo akalipa deni la dola 6,000, na tungule yenyewe ikaitwa Mortgage Lifter, yaani iondoayo rehani. Aina hiyo ingali ikipandwa leo, kwa sababu walioinunua waliweka mbegu.

Kinyume chake, aina isiyowekewa mbegu hufa bila ya msiba kutangazwa. Mwaka 1990 Craig LeHoullier, mkemia aliyependa bustani, aliyekuwa akikaa Raleigh katika North Carolina, aliletewa kwa posta bahasha ya mbegu kutoka kwa mtu wa Tennessee asiyemjua, pamoja na maneno machache kwamba tungule ile ya rangi ya zambarau ilipokewa zamani sana kutoka kwa Wacherokee. Haikuwa na jina. Yeye ndiye aliyeiita Cherokee Purple, akawagawia wenzake na wauza mbegu wadogo, na leo bustani nyingi za Marekani zaijua. Lau bahasha ile ingalipotea njiani, pengine hata hao waisifuo wasingalijua kwamba wamekosa kitu. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1975, Diane Ott Whealy na mumewe Kent walikuwa wameanzisha chama cha kubadilishana mbegu kiitwacho Seed Savers Exchange, na kilichowasukuma ni mbegu alizowapa babu yake Diane, miongoni mwazo tungule ya waridi ambayo jamaa zake walikuja nayo kutoka Bavaria. Chama hicho sasa kiko Decorah, katika Iowa, na ghala yake ina maelfu ya aina.

Huenda msomaji akauliza iwapo sifa hii ya tungule za kale si kumbukumbu tu za wazee, ambao kila kilichopita kwao ni kitamu. Wanasayansi wamelichungua swali hilo. Mwaka 2012 wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walieleza katika jarida la Science kwamba tungule nyingi za zamani huwa na mabega ya kijani kilichokoza kabla ya kuiva, ilhali kwa muda wa miaka 70 hivi wazalishaji wa mbegu walizipendelea zile zenye kijani hafifu cha namna moja pande zote, kwa kuwa huiva kwa pamoja na mchumaji huijua siku yake kwa jicho; na tabia hiyo ya kuiva sawasawa hutokana na kuharibika kwa jeni iliamrishayo tunda kujijengea kloroplasti, hivyo tunda hupungukiwa sukari. Wala hakuna aliyekusudia kuutoa utamu; waliitafuta rangi, na utamu ukafuatana nayo kwenda zake. Mwaka 2017 wengine, wakiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Florida, walizipima aina 398, wakaona kwamba katika zile za biashara za kisasa kemikali 13 ziletazo harufu na ladha zimepungua sana zikilinganishwa na za kale. Hayo ndiyo yatokeayo pale mbegu inapochaguliwa na mtu asiyekula.

Hapa kwetu mtu asidhani kwamba hana budi kuagiza mbegu za ng'ambo. Moneymaker, tungule ya Kiingereza ambayo bustani nyingi za Kenya na Tanzania zimeizoea, ni ya nasaba, na mbegu yake huzaa sura yake. Marglobe, iliyotolewa na idara ya kilimo ya Marekani mwaka 1925, nayo ni hivyo hivyo. Hata Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 1997 baada ya kazi iliyofanywa Tengeru, karibu na Arusha, si chotara, na mwenye kuzipanda ana uhuru wa maumbile wa kuweka mbegu yake. Kwa hiyo sizisifu tungule kwa uzee wake. Nazisifu kwa uaminifu wa kuzaa mfano wake, na aina ya jana iliyo aminifu naiweka juu ya ya kale iliyochanganyika. Tusisahau kadhalika vile vitungule vidogo vya mviringo viotavyo vyenyewe penye jaa na kando ya ua, ambavyo watoto huvichuma wakipita: vina ukali na utamu kwa pamoja, huvumilia jua na kusahauliwa, na ni vichache vilivyopata kupewa heshima ya tuta na nguzo.

Kulima kwenyewe nitakusema kwa kifupi, ila jambo la majira, ambalo huku pwani ndilo liwashindalo wengi. Chavua ya tungule hudhoofika joto la mchana lipitapo nyuzi 32 za Selsiasi, na usiku ukiwa wa joto maua huanguka bila ya kufunga tunda. Ndiyo sababu shina lililopandwa ili lichanue wakati wa kaskazi hurefuka, hupendeza, na halizai, na mwenyewe akailaumu mbegu au jicho la jirani. Mtu wa pwani na asie mwezi wa Mei, chini ya upenu ambapo mvua ya masika haimwagiki juu ya kitalu, apandikize katika Juni kusi linapovuma, ili maua yawe Julai na Agosti wakati wa kipupwe, usiku unapotaka shuka. Wa milimani, Lushoto au Limuru, shida yake ni kinyume: baridi na ukungu humletea bakajani chelewa, naye hupata salama zaidi kwa kukimbilia miezi mikavu.

Mbegu hufukiwa kina cha nusu sentimita katika mchanganyiko wa udongo, mboji na mchanga, na huchipua baada ya siku tano hadi kumi. Maji yakizidi hapo, kinyausi hukata vimche shingoni usiku mmoja. Baada ya majuma manne hadi sita hupandikizwa wakati wa jioni, na shina hufukiwa mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa tungule hutoa mizizi kwenye shina lake lote lililoguswa na udongo. Aina nyingi za kale hazikomi kurefuka, basi hutaka nguzo ya kimo cha mtu, nafasi ya sentimita 60 baina ya shina na shina, matandazo ya nyasi kavu, na maji yamwagwayo chini, si juu ya majani, tena kwa kipimo kisichobadilika. Maana maji ya leo mengi na kesho hakuna huyapasua matunda na kuyaozesha kitako. Usipande palipotoka bilinganya, pilipili, mnavu au mbatata, kwa kuwa zote ni jamaa moja na huachiana maradhi. Kantangaze, yule nondo aliyeingia Kenya na Tanzania katika mwaka 2014, apigwe vita mapema kwa kuyachuma na kuyachoma majani yaliyotobolewa. Na pale ambapo ardhi ina mnyauko bakteria, ugonjwa ambao dawa hazimwokoi mgonjwa wake, kuna njia ya kuubebesha mche wa tungule juu ya shina la bilinganya lenye kustahimili, kama wafundishavyo watu wa World Vegetable Center walio na kituo Arusha. Mche uliobebeshwa huzaa tunda la nasaba ile ile na mbegu ile ile.

Sasa nifike kwenye mbegu, ambayo ndiyo haja. Maumbile yameirahisishia tungule usafi wake, kwa sababu ua lake hujitosheleza: vifuko vya chavua vimeungana vikafanya mnara mdogo kuuzunguka ushi wa kike, na mtikiso wa upepo, au mvumo wa nyuki wakubwa walishikao ua na kulitetemesha, humwaga chavua papo hapo juu ya ua lenyewe. Mahindi na maboga huchanganyika na ya jirani mtu asipende. Tungule mara nyingi hukaa katika ukoo wake hata zikipandwa aina mbili bustani moja. Lakini zimo aina za kale, hasa zile zenye majani mapana mithili ya mbatata, kama Brandywine, na vile vitungule vidogo sana, ambazo ushi wake huweza kuchomoza nje ya mnara na kupokea chavua ngeni. Mwenye shaka akivike kichala cha maua kifuko cha melimeli kabla hakijafunguka, akitikise kwa kidole kila asubuhi, na kifuko akivue matunda yakishafunga, akitia uzi wa rangi pale ili kisivunwe kwa makosa.

Uzi huo ndio ulinzi mkubwa, kwa kuwa adui wa kwanza wa mbegu njema ni mpishi wa nyumba hiyo hiyo. Shina bora huzaa tunda bora, na tunda bora ndilo liliwalo la kwanza. Hivyo nyumba isiyojizuia hula mashina yake mazuri na kuweka mbegu za mabaki, yaani matunda ya mwisho ya mashina ya mwisho, na baada ya misimu kadhaa hushangaa kwamba aina yake imedhoofika. Shina la mbegu lichaguliwe mapema, lingali na maua, kwa kuangalia siha yake yote; likiwa na batobato au dalili ya kunyauka liachwe hata kama tunda lake lina sura ya kuvutia, kwani baadhi ya maradhi husafiri ndani ya mbegu. Yakiiva, onjeni. Nasema onjeni, kwa wingi, kwa sababu ulimi wa mtu mmoja huweza kumdanganya, na meza ya watu wanne au watano, wakiwamo watoto, hutoa hukumu ya insafu.

Tunda la mbegu liachwe shinani hata lipitilize kuiva kidogo. Likatwe katikati, ute wote na mbegu zake ukamuliwe ndani ya bilauri, utiwe maji kidogo, ufunikwe kwa kitambaa, uachwe uchachuke. Ute ule una kitu kizuiacho mbegu isichipue ingali ndani ya tunda, na kuchachuka huuondoa na kupunguza baadhi ya vimelea vya maradhi. Vitabu vya nchi za baridi husema siku tatu au nne. Kwa joto la Tanga au la Mombasa siku mbili zatosha, na atakayengoja zaidi huenda akakuta mbegu zimeanza kutoa mizizi ndani ya bilauri. Utandu mweupe ukishafunika juu na harufu ikikirihisha, tia maji, koroga, mwaga yaeleayo, na urudie mpaka maji yawe meupe. Mbegu nzito zilizotuama chini ndizo zilizo hai. Zianikwe juu ya sahani ya kauri au kawa, kivulini penye upepo, zikigeuzwa kwa mkono ili zisishikamane. Juu ya karatasi hugandamana, na jua la adhuhuri huzichoma.

Unyevu wa hewa ya pwani ndio mwizi wa mwisho. Mbegu iliyokauka barabara, ikafungwa katika kichupa pamoja na punje za mchele uliokaushwa motoni na kupoa, au majivu makavu kwenye kitambaa, kisha ikawekwa mahali pa baridi na giza, hudumu miaka minne na zaidi bila ya kupoteza uhai wake; ile iliyowekwa rafu ya jikoni juu ya moto haifiki mwaka wa pili. Kichupa kiandikwe jina la aina, mwaka, mahali ilipolimwa, na aliyeitoa, maana mbegu za tungule zote ni za sura moja, na kumbukumbu ya mtu husema uongo bila ya kukusudia. Tena sehemu ya mbegu isikae nyumbani. Nyumba moja huweza kuungua, kuhama, kuvamiwa na panya au kupata msimu mbaya, lakini aina iliyogawiwa nyumba nne au tano, za mitaa mbalimbali na ikiwezekana za miji mbalimbali, haipotei kwa msiba wa nyumba moja, na yule aliyetoa ndiye aghalabu aombaye siku ya haja.

Kabla ya kusia, majuma mawili nyuma, hesabu mbegu kumi, uzifunge katika kitambaa kibichi, uzitie ndani ya chombo chenye kifuniko na kuziangalia kila siku. Zikichipua nane au zaidi, sia kama kawaida. Zikichipua nne au tano, sia mara mbili ya kawaida, na msimu huo huo uweke mbegu mpya, kwa sababu iliyobaki kichupani haitangoja mwaka mwingine. Zisipochipua kabisa, nenda kwa wale uliowagawia, na uende kabla ya Mei.